Kufunika Si Kufunga

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Kifungo alitunga uzi kwenye sindano za bibi yake. Kazi hiyo ilikuwa yake peke yake, na ole wake mtu mwingine aliyethubutu kuigusa. Aliketi kwenye kigoda mlangoni penye mwanga mzuri, akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akafumba jicho moja, na uzi ukapita kwenye tundu mara moja tu. Sindano ya uzi mweupe, ya mweusi, ya bluu ya sare za shule, ya nyekundu. Zote alizichomeka kwenye kimto kidogo, zikakaa foleni kama wanafunzi kabla ya kuingia darasani. Hivyo bibi aliweza kushona vifungo na pindo bila kukwama mpaka mjukuu wake aliporudi kutoka shule.

"Macho yangu yale yanakwenda shule," bibi aliwaambia wateja, akimwonyesha Kifungo kwa kidevu. "Yakichelewa kurudi, nguo zenu nazo zitachelewa. Msije kunigombeza mimi."

Jina la Kifungo alipewa na bibi huyo huyo. Alipokuwa mdogo alimeza kifungo cha shati la mteja. Nyumba nzima ikahangaika, na kesho yake kifungo kikatoka kwa njia ambayo kila mtu anaijua. Shati lilipata kifungo kingine, lakini jina likabaki. Sasa alikuwa darasa la sita, na hata mwalimu wake alishasahau jina lililoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Bibi alikuwa fundi cherehani, na sio fundi wa kubahatisha. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa duka: cherehani dirishani, meza ya kukatia ukutani, na mabaki ya vitambaa ndani ya kapu refu kumpita Kifungo. Hapakuwa na kibao nje. Bibi alisema kibao ni yeye mwenyewe. Hata akienda kununua chumvi, alivaa gauni lililokaa sawasawa, na kilemba cha kitambaa kile kile, na mkoba wa kitambaa kile kile. "Fundi akitoka ovyo, nani atampa kitambaa chake akate?" alikuwa akisema, na mtaa mzima ulimwita Fundi kwa heshima.

Lakini macho yalianza kumchezea shere. Kwanza ilikuwa ukungu kidogo. Kisha siku moja alishona sketi nyeusi kwa uzi wa bluu, mwanzo hadi mwisho, na mteja akaichukua bila kusema neno. Bibi alikuja kuambiwa na mtu mwingine. Siku hiyo alifunika cherehani mapema akaenda kulala, na chakula hakukigusa.

"Ni mtoto wa jicho," daktari wa macho alisema walipokwenda kliniki. "Yuko kwenye macho yote mawili. Tutaanza na hili la kulia."

"Mwanangu, nimeshalea watoto wa kutosha," bibi alijibu. "Huyu hata hakupiga hodi. Mtoe."

Basi wakamtoa. Bibi alirudi nyumbani jicho likiwa limefunikwa kwa pamba na plasta, akiwa na amri ya kutoinama na kutobeba kitu kizito. Kesho yake alirudi kliniki pamoja na Kifungo na mama yake Kifungo ili nesi aiondoe ile pamba.

Nesi huyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole na macho yasiyokosa kitu. Aliibandua plasta polepole, akalisafisha jicho kwa pamba yenye maji yaliyochemshwa, akasema, "Haya, bibi, fumbua."

Bibi akafumbua. Akamtazama nesi, akatazama dirisha, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Kumbe una doa shingoni," alisema, na machozi yakaanza kumlengalenga. "Una kidoa kizuri hapo shingoni, na mimi sikukijua!"

"Usilie, usilie, jicho bado bichi," nesi alimkatiza akicheka. Kisha akatoa kitu kwenye pakiti. Kilikuwa kifuniko cha plastiki ngumu, cheupe, chenye matundu mengi madogo, mfano wa kikombe kisicho na mkono. "Sikilizeni wote. Hiki ndicho kifuniko cha jicho. Kinakaa juu ya mfupa, hapa na hapa, na jicho lenyewe hakiligusi. Kivae kila ukilala, na ukitoka nje, mpaka nitakapokuambia basi. Kioshwe kwa maji na sabuni, kikauke, ndipo kibandikwe kwa plasta. Tunafunika, hatufungi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," bibi alijibu, ingawa alikuwa akikitazama kile kikombe kwa jicho la mashaka.

"Na nani atamtia dawa ya matone?"

Mama alisita. Alikuwa mwokaji mikate, na kila siku alitoka nyumbani kabla ya jua.

"Mimi," alisema Kifungo.

Nesi hakucheka. "Nionyeshe mikono." Kifungo akainyoosha. "Nenda ukaioshe kwa sabuni, halafu ndiyo tuongee."

Akaiosha. Nesi akamfundisha namna ya kuvuta kope ya chini taratibu na kudondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho. Kifungo akajaribu, na tone likaangukia mahali pake.

"Kuanzia leo wewe ni msaidizi wangu," nesi alimwambia. "Kazi yako ni kutazama. Ukiona jicho limekuwa jekundu, linauma, linatoa tongotongo, au ukungu umerudi, msingoje siku ya miadi. Njooni siku hiyo hiyo."

Kifungo alitoka pale kichwa juu. Msaidizi wa nesi! Njia nzima alitembea upande wa kulia wa bibi, akiwapisha watu kwa mkono kama askari wa barabarani.

Walipofika nyumbani, bibi hakuingia ndani. Alikiinua kifuniko kidogo, akalitazama duka la kinyozi lililokuwa ng'ambo ya barabara. Kinyozi huyo alikuwa mtani wake wa miaka mingi, na juu ya mlango wake kulikuwa na kibao ambacho bibi hakuwahi kukisoma tangu kilipopachikwa. Sasa alikisoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Tu-na-nyo-a n-de-fu." Akasimama. Akarudia. "Tunanyoa ndefu? We kinyozi! Hebu toka nje! Wewe miaka yote hii unanyoa ndefu tu? Na wenye ndevu fupi waende wapi?"

Watu waliokuwa wakisubiri kunyolewa waliangua kicheko. Kinyozi alitoka na mashine yake mkononi, akainua macho kukitazama kibao chake mwenyewe, akashika mdomo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alikosea kuandika neno "ndevu". Lakini yeye naye hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya wateja.

"Shikamoo, Fundi! Sikukutambua," alisema. "Nilidhani ni birika linapita. Wamekubandika chujio la chai usoni?"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Bibi naye alicheka, lakini Kifungo aliona vidole vyake vikiigusa ile plastiki, halafu kilemba chake, halafu ile plastiki tena. Aliingia ndani bila kuaga.

Saa hiyo hiyo alianza kuchakura kwenye kapu la mabaki.

"Bibi, unatafuta nini?"

"Mahameli nyekundu. Ile iliyobaki kwenye gauni langu. Na lastiki. Nitungie uzi mwekundu, macho yangu."

"Lakini nesi amesema..."

"Nesi amesema jicho lifungwe, na mimi nitalifunga. Kwani amesema lifungwe vibaya?"

"Amesema lifunikwe, bibi. Si lifungwe."

"Funga, funika, yote ni mamoja. La maana jicho lisionekane. Mimi sitatembea na chujio la chai mbele ya watu wanaoniita Fundi."

Kifungo alitunga uzi. Alijua si sawa, tena alijua vizuri, lakini bibi ni bibi. Na kile kilichotoka mikononi mwa bibi baada ya muda mfupi, jamani, kilikuwa kizuri! Kipande cha mahameli chenye umbo la jani, bitana ndani, pamba katikati, pindo lenye mishono midogo isiyoonekana, na lastiki nyembamba ya kuzungushia kichwani chini ya kilemba. Bibi alipokivaa pamoja na gauni lake jekundu, alionekana kama malkia aliyerudi kutoka vitani. Kifungo alipiga makofi na kusahau mashaka yake yote.

Wateja walisifu. Mmoja akataka ashonewe cha kijani, na macho yake mawili yalikuwa mazima kabisa. Hata kinyozi alikuja kukitazama kwa karibu, akakiri kwamba ameshindwa. Kifungo alijisikia fahari kutembea na bibi wa namna ile. Kile kifuniko cha nesi kilitupwa kwenye droo, pamoja na chaki na pini.

Jioni mama aliporudi, akiwa amechoka na nywele zimejaa unga, aliuliza, "Mama, na kile kifuniko cha kliniki kiko wapi?"

"Kiko humu humu, chini ya kitambaa," bibi alijibu bila kupepesa.

Mama aliamini. Kifungo alikuwa akiosha vyombo, akasikia, akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Siku zikapita. Bibi alilala na mahameli yake, akaamka nayo. Alipotokwa jasho, mahameli ililowana, ikakaukia pale pale kwenye jicho. Kila asubuhi Kifungo alinawa mikono kwa sabuni, akaivuta mahameli pembeni, akatia dawa. Kwanza hakuona kitu. Kisha akaona wekundu kidogo pembeni. Bibi akasema ni usingizi.

Asubuhi moja alipoiondoa ile mahameli, kope za bibi zilikuwa zimegandamana kwa tongotongo. Alizisafisha kwa pamba na maji ya kuchemsha, kama alivyofundishwa. Jicho lilipofumbuka, lilikuwa jekundu lote, na bibi alirudisha kichwa nyuma kwa uchungu.

"Bibi, linauma?"

"Linawasha tu. Tia dawa uende shule."

Kifungo hakutia dawa. Alimshika bibi mkono, akampeleka mlangoni. "Bibi, nisomee kibao cha kinyozi."

Bibi alitazama ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu. Kisha akacheka kicheko kifupi. "Si kile kile? Kimeandikwa 'Tunanyoa ndefu'. Yule mtu haoni haya."

Kifungo naye alitazama. Juu ya mlango wa kinyozi kulikuwa na misumari miwili na ukuta mtupu. Kibao kilikuwa chini, kimeegemezwa kando ya mlango na kugeuzwa uso ukutani, na pembeni yake kulikuwa na kopo la rangi. Kinyozi alikuwa amekishusha ili akirekebishe.

"Bibi," Kifungo alisema. "Kibao hakipo."

Bibi alirudi ndani akipapasa fremu ya mlango, akaketi kwenye kiti cha cherehani. Hakuonekana kama malkia tena, alionekana kama mwanamke mzee aliyeshikwa na woga.

"Haya, umejua," alisema taratibu. "Ukungu umerudi. Lakini tusifanye makelele, mjukuu wangu. Funika kombe mwanaharamu apite. Miadi iko karibu. Siku hiyo nitavaa lile chujio lao, nesi atanipa dawa nyingine, na hakuna atakayejua kitu. Wakijua nimeharibu jicho kwa mikono yangu mwenyewe, nitauweka wapi uso wangu? Mimi, Fundi? Usimwambie mama yako."

Kifungo alisimama pale na begi lake la shule mgongoni. Maisha yake yote alikuwa amefundishwa kutii wakubwa, na mkubwa aliyempenda kuliko wote alikuwa akimwomba anyamaze. Lakini nesi alimwambia kazi yake ni kutazama, na alikuwa ameshatazama. Angewezaje kusema hakuona?

"Nitamwambia mama, bibi," alisema mwishowe. "Sitakwenda kwa siri. Ndiyo maana nakuambia wewe kwanza. Unisamehe."

Bibi alimgeukia kwa hasira. "Kumbe nimelea mchongezi!"

Neno lile lilimchoma kuliko sindano zote alizowahi kushika. Kifungo aliweka begi chini, akatoka, akaanza kukimbia, huku akilia bila kujificha. Kinyozi alimwita, hakusimama.

Mama alikuwa kwenye tanuri, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyobadilika. Hakugombeza. Alivua aproni, akamwomba mwenzake amwangalizie mikate, akasema, "Umefanya vizuri kuja sasa hivi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Twende."

Walimkuta bibi bado ameketi pale pale, mkoba uko mapajani, kilemba kimefungwa vizuri. Alikuwa amejitayarisha. Njia nzima alimshika mama mkono, na Kifungo akafuata nyuma. Lakini walipofika kwenye ngazi za kliniki, bibi alinyoosha mkono hewani akitafuta bega la mjukuu wake, na Kifungo akalisogeza bega.

Nesi alipoliona jicho, upole haukumwisha, ila mikono yake ilianza kufanya kazi haraka zaidi. "Kifuniko umekuwa ukikivaa, bibi?"

Kifungo alitazama sakafu. Mama alimtazama bibi. Bibi akafungua mkoba wake.

"Sikukivaa, mwanangu," alisema. "Nilijishonea hiki. Mtoto alinionya, nikampuuza. Mama yake aliniuliza, nikamdanganya. Mwenye makosa ni mimi, mtu mwingine asilaumiwe." Akaiweka ile mahameli nyekundu juu ya meza.

Kifungo aliinua uso. Hakuwahi kumwona bibi yake mkubwa kiasi kile, hata alipovaa gauni jekundu.

Daktari aliitwa. Alimweka bibi mbele ya chombo chenye taa, akachunguza, akadondosha dawa ya ganzi. Kisha kwa koleo nyembamba mno akatoa kitu jichoni, akakiweka kwenye kipande cha pamba nyeupe ili wote waone. Kilikuwa unyuzi mwekundu wa mahameli, mfupi kuliko ukope.

"Huu ulikuwa ukikwaruza jicho kila ulipopepesa," alisema. "Na pale penye mkwaruzo uchafu umeanza kuingia. Kwa bahati nzuri bado haujafika ndani. Tutabadilisha dawa, na tutaliona jicho hili kesho."

Nesi aliishika ile mahameli, akaigeuza, akaukagua mshono. "Bibi, sijawahi kuona mishono midogo namna hii. Nasema kweli. Lakini ona." Akaibana mahameli kwenye kiganja chake, kisha akachukua kifuniko kipya cha plastiki na kukiweka kwenye kiganja kile kile. "Kitambaa kinalala juu ya jicho, kinalibana, kinanyonya jasho, kinaacha nyuzi. Na mtoto akikugonga kwa kiwiko, kiwiko kinafika ndani. Hiki kigumu hakigusi jicho, hewa inapita kwenye matundu, na kiwiko kinaishia hapa nje. Ndiyo maana nilisema tunafunika, hatufungi."

"Funika si funga," bibi alirudia polepole, kama mwanafunzi. "Niliambiwa hivyo na mtoto wa darasa la sita."

"Na huyo mtoto mshukuru. Mngengoja mpaka siku ya miadi, nisingekupa dawa. Ningekupa pole."

Nje ya mlango wa kliniki bibi alisimama. Kifuniko kipya kilikuwa usoni pake, kimebandikwa kwa plasta. Alimshika Kifungo mabega yote mawili.

"Asubuhi nilikuita mchongezi," alisema. "Mchongezi husema ili mtu aumie. Wewe ulisema ili nipone, tena uliniambia mimi kwanza, uso kwa uso. Neno lile lilishonwa vibaya. Nalifumua, mshono wote, mbele ya mama yako."

Kifungo alimkumbatia kiunoni, kwa uangalifu, asije akagusa jicho. Mama alijifuta macho kwa mkono wake, na unga uliobaki ukampaka shavuni, wote watatu wakacheka.

Tangu siku hiyo, bibi alikivaa kifuniko chake kama alivyovaa kilemba, bila kukosa. Kifungo alikiosha kwa sabuni, akakianika kwenye kitambaa safi, akakibandika. Na kinyozi alipojaribu kuanza tena maneno yake ya chujio la chai, bibi alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

"Ndiyo, chujio," alimjibu. "Linachuja vumbi, linachuja viwiko, linachuja na maneno ya vinyozi. La kwako la kuchuja makosa ya kibao liko wapi?"

"Naomba msamaha, Fundi," kinyozi alisema, na safari hii hakuwa akitania. Alikuwa amesikia yaliyotokea. "Mzaha wangu ule kidogo ukutie upofu."

"Mzaha wako haukushona mahameli. Niliishona mwenyewe."

Kidogo kidogo wekundu ulipungua, uchungu ukaisha, ukungu ukaondoka. Siku nesi aliposema, "Sasa basi, bibi, kifuniko kipumzike mpaka tutakapolifanyia upasuaji jicho la pili," bibi alitoa mkobani furushi dogo. Ndani yake kulikuwa na vifuko vya kitambaa cheupe cha pamba, vyepesi, vya kufuliwa, kila kimoja na kamba yake ya kuvuta.

"Vya kuwekea vifuniko mchana," alieleza. "Changu mimi nilikitupa kwenye droo, pamoja na pini. Najua si mimi peke yangu. Wape wenzangu. Hivi havigusi jicho la mtu."

Nesi alivichambua kimoja kimoja. Mishono ya kimoja ilikuwa mikubwa, inakwenda kombo.

"Hicho kimeshonwa na fundi mwanafunzi," bibi alisema, na Kifungo akatazama pembeni huku mashavu yakimwaka kwa furaha. Nesi alikichagua hicho, akakitundika ukutani mahali ambapo kila mgonjwa angekiona.

Waliporudi mtaani, kibao cha kinyozi kilikuwa kimepachikwa upya. Rangi ilikuwa bado inang'aa. Kinyozi mwenyewe alisimama chini yake ameshika pumzi. Bibi alisimama ng'ambo ya barabara, bila kitu usoni, akasoma bila kukwama hata kwenye herufi moja: "Tunanyoa ndevu, ndefu na fupi." Wateja wa kinyozi wakapiga makofi, na kinyozi akainama kama mwanafunzi aliyepewa zawadi.

Kesho yake asubuhi Kifungo alikwenda mlangoni kukaa kwenye kigoda chake kabla ya chai. Akashtuka. Sindano zote zilikuwa zimeshatungwa uzi. Nyeupe, nyeusi, bluu, nyekundu, zote zimekaa foleni kwenye kimto. Alifurahi, lakini hapo hapo akakigeuza kimto akitafuta hata sindano moja tupu. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

"Umeona?" bibi aliuliza kutoka nyuma ya cherehani, uso umejaa tabasamu. "Nimezitunga mwenyewe, kwa jicho langu mwenyewe. Sasa kigoda hicho kiache. Njoo ukae hapa." Akasogea, akampisha kwenye kiti chake, kiti ambacho hakuna mtoto aliyewahi kukikalia. "Ulinisaidia kuona. Leo naanza kukufundisha kushona. Weka mguu hapo. Polepole, usiogope, haliumi."

Cherehani likaanza kunguruma. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sare za wanawe alisimama mlangoni akashangaa. "Fundi! Mbona leo macho yako hayajaenda shule?"

"Yatakwenda, muda bado," bibi alisema.

"Lakini si umeshapona? Bado unayahitaji ya nini?"

Bibi aliweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake.

"Watu wazima tuna msemo wetu, funika kombe mwanaharamu apite. Nami nilifunika, na kidogo nifunike jicho langu kwa giza la milele. Ugonjwa haufunikwi, ndugu yangu. Unafunuliwa mapema mbele ya mtu anayejua kuutibu. Na mtoto akikuambia ukweli kwa heshima, mshukuru hata kama umekuuma." Akamtazama Kifungo aliyekuwa amekazana na mshono wake wa kwanza ulionyooka. "Haya ya kwangu yameshaona tundu la sindano. Lakini siku niliyosoma kibao kisichokuwepo, aliyeona ni huyu."